Hela ya vibali inakwenda wapi

Juma lililopita mteja mmoja wa Sakina, hapa Arusha, alinitazama usoni akasema tumempiga kwenye bei. Tulikuwa tumemwandikia makadirio ya kuunga nyumba yake kwenye bomba kuu la maji taka, pamoja na mtaro wa maji ya mvua. Aliposoma mstari wa "upimaji na ufuatiliaji wa vibali" akaweka karatasi chini. Jirani yake alimwita fundi Jumamosi usiku, kufika asubuhi bomba limeshafukiwa, na hakuna ofisi iliyogonga muhuri. "Nyinyi mnauza mihuri," akaniambia.

Si wa kwanza kusema hivyo, na neno hilo linaniuma, kwa hiyo naeleza.

Ada za serikali hazipiti mikononi mwetu. Zinatoka na namba ya kumbukumbu ya malipo yenye jina lako, unalipa mwenyewe benki au kwa simu, stakabadhi unabaki nayo. Tunachotoza sisi ni miguu, macho na vipimo. Wateja wengi wanadhani kuna dirisha moja la kibali. Kuungwa kwenye maji taka unaomba AUWSA, mamlaka ya maji ya hapa Arusha. Bomba likivuka barabara unamuomba mwenye barabara: nyingi za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; ile kubwa ya kwenda Namanga ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Kibali cha ujenzi kiko Halmashauri ya Jiji, na mchoro wao wanataka uonyeshe maji ya mvua yanaelekea wapi. Kama kiwanja kinapakana na mto Themi, Naura au Burka, kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na zile mita 60 za ukingo wa mto zisizojengwa, ambazo hakuna fundi anayeweza kukupunguzia.

Kabla ya fomu yoyote tunapima. Chemba ya mtaani, yaani shimo la kukagulia bomba, inafunuliwa mbele ya mtu wa mamlaka, tunashusha futi kamba mpaka pale maji yanapopita, kisha tunavuta hosi ya maji hadi chemba ya nyumbani kwako kulinganisha kimo. Bomba la inchi 4 tunaliwekea mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Nyumba ikiwa mita 30 kutoka bomba kuu, hapo unahitaji sentimita 75 za kushuka. Ukizikosa, hata ulaze bomba la dhahabu, uchafu hautaenda.

Kuna mzee wa Njiro aliyejenga bafu chini ya usawa wa barabara. Fundi wake hakupima, aliunga tu akaondoka. Siku bomba la mtaa lilipoziba, maji taka ya majirani yalitokea kwenye bafu lake. Alipotuita tulivunja vigae, tukainua bomba, tukaweka valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, ndipo tukaanza kufuatilia kibali ambacho kilipaswa kutangulia. Alilipa kazi moja mara mbili, na vigae juu yake.

Lakini njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi zaidi ni ya kuelekeza maji ya paa kwenye chemba ya choo. Naielewa inakotoka. Mtaro unahitaji kibali, unahitaji kuchimbwa na kujengwa, wakati chemba iko pale pale chini ya ukuta, na mtu anajiambia maji ni maji. Sivyo. Bomba la maji taka limepimwa kwa maji ya jikoni, bafuni na chooni. Chukua paa la mita za mraba 300 na mvua ya milimita 40, ambayo kwa masika yetu ni alasiri moja tu: ni lita 12,000. Hayo ni matumizi ya siku nzima ya watu 120, ukimhesabia kila mmoja lita 100, na yanaingia ndani ya saa chache.

Nyumba ya wageni moja pale Kijenge ilikuwa na paa kama hilo. Mwenye nyumba, mama mchapakazi kabisa, alishauriwa aelekeze gata zote nne kwenye chemba, na maji ya uani pia. Uani kulikuwa na udongo mtupu. Mvua ya pili mchanga ulishajaa nusu ya bomba, ya tatu vyoo vya chini vikarudisha, wageni wakahama usiku. "Mwanangu, nilitaka kuokoa hela ya mtaro tu," aliniambia. Tulitoa mchanga kwa ndoo siku mbili. Kisha tukachimba mtaro ule ule aliokuwa ameukwepa, tukajenga shimo dogo la kutegea mchanga kabla maji hayajafika mtaro wa barabarani. Hiyo kazi najivunia mpaka leo. Nikipita Kijenge mvua ikinyesha huwa nasimama kuitazama.

Mji wetu umelala kwenye mteremko wa Mlima Meru. Maji ya aliye juu yako yanashuka kwako, na yako yanashuka kwa wa chini. Ndiyo sababu mtaro haumaliziki kwenye ukuta wako, na ndiyo sababu unaulizwa maji yataishia wapi. Mbaya kuliko yote ni wale wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe choo mtaroni. Hiyo kazi hatufanyi kwa bei yoyote, na ukituomba tunafunga mazungumzo. Watoto wa watu wanapita kwenye ule mtaro kwenda shule.

Mtaa ambao bomba la maji taka halijafika tunakwambia wazi, tunakuchorea septiki na shimo la kunyonya, hatukulipishi ufuatiliaji wa kitu kisichokuwepo.

Kinachochelewesha maombi mara nyingi ni nyaraka. Njoo na hati au barua ya ofisi ya mtaa, mchoro wa nyumba na kibali chako cha ujenzi. Majina yakipishana kwenye karatasi hizo, tuambie siku ya kwanza. Na usifukie chochote kabla hatujajaza bomba maji na kuliacha tuone kama linavuja.

Makadirio ya yule mteja wa Sakina bado yapo mezani kwangu, bei ile ile. Nimemwambia siku ya kupima awepo mwenyewe, ashike upande mmoja wa hosi.