Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa vibali vya visukuku: kilo si kipimo cha kutosha

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakuandikia sisi tunaokusanya na kuchunguza visukuku vya vijiumbe vya kale kabisa, vile vya miaka zaidi ya bilioni 3. Kibali kinachoweka ukomo wa kilo na kumtaka mkusanyaji aokote mawe yaliyolegea tu kina nia njema. Kinalinda uso wa mwamba. Lakini kinapoteza ushahidi wenyewe, na ndiyo maana tunaomba masharti hayo yaandikwe upya.

Mfupa ukiokotwa mbali na tabaka lake bado ni mfupa. Bakteria wa kale hana bahati hiyo. Kilichobaki kwake ni uzi wa kaboni wenye upana wa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) chache ndani ya gumegume, jiwe gumu la silika, au matabaka membamba yaliyopinda, yaani stromatolaiti. Maumbo yanayofanana na hayo hutengenezwa pia na maji ya moto yenye silika, na fuwele zinazokua, na mwamba unaokandamizwa. Ili kuamua, lazima tujue jiwe lilikaa wapi, upande upi ulikuwa juu, na lilipakana na nini.

Mwaka 1993 mtaalamu wa visukuku J. William Schopf alieleza aina 11 za nyuzi, alizoziona kuwa vijiumbe, katika gumegume la Apex, eneo la Pilbara, Australia, lenye umri wa karibu miaka bilioni 3.46. Mwaka 2002 Martin Brasier na wenzake walionyesha kuwa gumegume lile lilitoka katika mshipa uliojazwa na maji ya moto kutoka chini, si katika mashapo ya kawaida, hivyo nyuzi zile huenda hazikuwa viumbe. Kule Isua, Greenland, vilima vidogo vya miaka bilioni 3.7 vilitangazwa mwaka 2016 kuwa stromatolaiti. Mwaka 2018 Abigail Allwood na wenzake walivitazama kwa pande tatu, wakaona vimerefuka kama matuta kufuata mwelekeo ambao mwamba ulivutwa, dalili kwamba huenda vilitokana na mvuto huo, si na viumbe. Uso mmoja wa jiwe haukutosha kuonyesha hilo.

Sasa tazama ukomo wa kilo unavyofanya kazi uwandani. Mkusanyaji anayehofia mizani hupunguza jiwe. Anachobandua kwanza ni tabaka la chini na la juu, kwa sababu "halina kitu". Hapo ndipo mpaka wenye majibu ulipokuwa. Afadhali kipande kimoja chenye ukubwa wa ngumi mbili, kikiwa na mipaka yake yote, kuliko vipande kumi vilivyochongwa vizuri.

Kabla ya nyundo kugusa mwamba, mkusanyaji apige picha yenye kipimo, arekodi GPS, apime mwelekeo na mwinamo wa tabaka, kisha achore mshale wa kuelekea juu jiwe likiwa bado mahali pake. Dira hudanganya karibu na miamba yenye chuma kingi. Hapo mwelekeo uchukuliwe kwa jua au kwa kulenga alama mbili za mbali zinazojulikana. Mshale ukwaruzwe kwa ncha ya tindo, kwa sababu wino wa kalamu una mafuta yake.

Uchafuzi ndio ugonjwa mkubwa wa kazi hii. Mwaka 1999 ilitangazwa kuwa masalia ya mafuta ya viumbe yamepatikana katika miamba ya Pilbara ya miaka bilioni 2.7. Miamba ya eneo hilo ilipochimbwa upya kwa tahadhari kali, matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa molekuli zile zilikuwa uchafu wa baadaye. Kwa hiyo sampuli ya kemia isiwekwe kwenye mfuko wa plastiki, maana kemikali za kulainishia plastiki huhamia kwenye jiwe. Ifungwe kwa karatasi ya aluminiamu iliyochomwa tanurini kwa takriban nyuzi 500 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Maabara ipime ganda la nje na kiini cha ndani kila kimoja peke yake: mafuta yakizidi nje, yameingia baadaye. Jiwe lililolala juani muda mrefu, lile lile ambalo kibali kinaruhusu, lina nyufa zilizojaa bakteria na kuvu wa leo.

Kibali kitaje pia mpangilio wa uchunguzi. Kwanza kipande chembamba cha kutazamwa kwa hadubini. Unene wa kawaida wa mikromita 30 hukata nyuzi vipande vipande, hivyo tunapendelea unene wa karibu 100. Kisha spektroskopia ya Raman, kipimo cha mwanga wa leza kinachosoma kaboni bila kuharibu kitu. Asidi haidrofloriki ije mwisho kabisa. Huyeyusha silika na kuacha nyuzi zikielea, na baada ya hapo hakuna awezaye kusema zilikuwa wapi ndani ya jiwe.

Hatuombi mlango uachwe wazi. Nyuso zenye maumbo yanayoonekana zisiguswe kwa nyundo wala kutobolewa; zipigwe picha za pande tatu, na sampuli ichukuliwe pembeni au nyuma, kwenye tabaka lile lile. Tundu lizibwe kwa kipande cha juu cha mwamba uliotolewa. Biashara ya vipande hivi ikatazwe kabisa. Ramani inayotolewa kwa umma isionyeshe mahali kamili, lakini daftari la ofisi yako lionyeshe hadi mita.

Na nusu ya kila sampuli, ikiwa na mshale na namba yake, ibaki katika hifadhi ya nchi ilikotoka, ili atakayepinga matokeo yetu apate jiwe la kupimia bila kuvunja jingine.

Wako katika kazi,
Wakusanyaji na wachunguzi wa visukuku vya vijiumbe