Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: kikundi chetu hakina mradi, tunakaa tu

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Kwanza marahaba. Nakuitikia kabisa hata kabla hujaniamkia, maana nina miaka 68 na kwa picha zako naona wewe ni rika la mwanangu wa pili, kwa hiyo kama kuna mahali humu nitakuita mwanangu usikasirike, itakuwa imenitoka tu.

Naandika kuhusu fomu. Mwaka jana tulikwenda akina mama kumi na moja kwenye ofisi moja inayoshughulika na vikundi vya wanawake, wengi wetu ni wajane, wawili wamezika watoto wao wakubwa, mmoja hakuwahi kuolewa ila kamzika dada yake waliyeishi naye nyumba moja miaka yote (na huyo watu hata pole hawampi sawasawa, utasikia si dada tu). Tuliomba chumba. Chumba basi, mara moja kwa wiki, masaa mawili. Tukapewa fomu ya kurasa nne, jina la kikundi tukajaza, mwenyekiti tukajaza, mweka hazina tukabuni papo hapo, tukafika pameandikwa Mradi wa Kikundi. Tukatazamana. Kijana wa pale, mtu mpole tu, akasema mama zangu andikeni chochote, ushonaji, mikopo, chochote. Mwenzetu mmoja mwalimu mstaafu akachukua kalamu akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: kukaa pamoja. Kijana akasoma akacheka kidogo, akasema hiyo sio shughuli mama. Fomu ikarudi na sisi nyumbani na mpaka leo ninayo kwenye droo.

Sasa mimi nataka nikueleze hiyo kukaa ni shughuli gani.

Mume wangu alipofariki siku za mwanzo nyumba ilijaa, simu haipoi, hata kulia unalia kwa zamu na watu. Halafu wakaondoka na siwalaumu, kila mtu ana maisha yake, ila msiba ndo ulianza hapo. Kilichonimaliza mimi sio kitanda kama watu wanavyodhani, ni vikombe. Karibu wiki tano nilikuwa nashusha vikombe viwili kila asubuhi na nagundua nikishamimina. Basi nikaona dawa yake ni kuacha kumimina, nikawa sinywi kitu mpaka jua liwe kali, na vidonge vyangu vya presha nilizoea kuvimeza na kile kikombe cha asubuhi, kwa hiyo kikombe kilipokufa na vidonge vikafa. Sikuamua kuacha dawa, mwanangu, naomba unielewe hapo, sikuamua.

Nilipoenda kliniki presha ikawa juu kuliko ilivyowahi kuwa. Nesi akanigombeza kwamba sisi wazee tunaacha dawa makusudi halafu tunakuja kuwasumbua, dozi ikaongezwa, nikarudi nyumbani na dawa nyingi zaidi za kutozimeza. Kadi yangu ina sehemu ya uzito, presha, sukari na tarehe ya kurudi. Hakuna sehemu inayosema huyu amefiwa. Aliyegundua ni shoga yangu mmoja, alipita jioni kunisalimia akaona karatasi ya vidonge imejaa wakati kwa hesabu zake ilitakiwa iwe imeisha, hakusema neno. Kesho yake saa moja asubuhi simu ikalia. Umemeza? Hakuna hujambo wala umeamkaje, ni umemeza tu. Alinipigia hivyo miezi mitatu mfululizo. Siku hizi mimi ndo nampigia mwingine, na huyo ananichukia mpaka saa mbili asubuhi, baadaye ananishukuru.

Kama unaona hizi ni hadithi za bibi, wataalamu wako wanajua kuna ugonjwa wa moyo unaoitwa takotsubo, madaktari wa Japani waliuelezea mwaka 1990, jina limetokana na chungu cha kutegea pweza maana moyo wa mgonjwa unatuna chini ukafanana nacho. Mara nyingi unafuata mshtuko mkubwa kama wa kufiwa, na wanaoupata sana ni wanawake waliokwisha koma hedhi. Yaani sisi. Tukisema moyo umepasuka mnadhani tunaimba taarabu. Na tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ile ICD-11, inatambua huzuni ya msiba iliyogoma kutoka, ile inayopita miezi sita na mtu bado hawezi kuendesha maisha yake. Shirika hilohilo mwaka 2025 lilitoa ripoti kwamba upweke unahusishwa na vifo kama 871,000 kila mwaka duniani. Halafu mtu ananiambia kukaa pamoja sio shughuli.

Nisikudanganye kwamba kikundi chetu ni malaika watupu. Tunagombana. Kuna mmoja ukimwambia lako lolote anasema hata mimi yalinipata tena mabaya zaidi, tukamwekea kanuni kwamba anayeongea amalize kwanza. Kanuni nyingine ni kwamba hakuna kuambiana jikaze, na hakuna kumwambia mtu kazi ya Mungu haina makosa mpaka aseme mwenyewe. Hiyo ya pili ilitugharimu mabishano ya wiki mbili maana wengine walidhani tunapinga dini. Lakini aliyezika binti yake alisema jambo moja na ubishi ukaisha, alisema najua haina makosa, ila nyie mkiniambia nasikia kama mnanifunga mdomo.

Na kitu ambacho nadhani wizara yako haijakishika bado ni hiki, mtu mzima haji kwenye kikundi kulia. Ukimtangazia kuna kikao cha kufarijiana atasema mimi nimeshapoa asante. Ila mwambie njoo tufanye mazoezi ya magoti, atakuja. Sisi tunaanza na kutembea, kama nusu saa, halafu tunakaa kwenye viti vyenye mgongo vilivyoegemezwa ukutani visiteleze, mikono kifuani, unasimama bila kujisukuma na mikono, unakaa, mara kumi. Mwenzetu mwenye wajukuu wengi hahesabu namba, anahesabu kwa majina ya wajukuu wake, na yule wa kumi ni mtundu ajabu kwa hiyo tukifika kwake wote tunacheka tunaporomoka vitini. Kisha tunasimama mguu mmoja tumeshika kiti. Kilio kinakuja chenyewe, mara nyingi njiani wakati wa kutembea, maana mkiwa mnatembea hamtazamani usoni na maneno yanatoka kirahisi, sijui kwa nini iko hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Na hayo mazoezi sio mchezo wa kupotezea muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mwenye miaka 65 na kuendelea apate angalau dakika 150 kwa wiki za kujishughulisha kwa kiasi, na siku tatu au zaidi za mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, ili asianguke. Mwanamke akishakoma hedhi mifupa inapoteza uimara haraka, akianguka nyonga ndo imevunjika, na ukivunjika nyonga uko peke yako kwenye nyumba ya vikombe viwili, Mheshimiwa, hiyo habari huwa inaishia pabaya. Wawili wetu walishaanguka kabla hatujaanza. Tangu tuanze hajaanguka mtu, mmoja alijikwaa akajishika mwenyewe, alitutangazia kama kapata digrii.

Usije ukaniambia haijawahi kufanyika popote. Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14, wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achambue tatizo lake moja moja, wakawekewa mabenchi nje ya kliniki. Mwaka 2016 utafiti wao wa watu 573 ukachapishwa kwenye jarida la JAMA, na baada ya miezi sita waliokaa na wale bibi walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kule wanaita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema ana mawazo, ni kitu kilekile. Benchi, Mheshimiwa! Hata sio jengo.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo na bajeti yako haitatikisika. Agiza kwamba zahanati na vituo vya afya vitoe nafasi mchana mmoja kwa wiki pale foleni inapokuwa imeisha, viti vipo, vinakaa tupu. Ongeza mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki, umefiwa mwaka huu, ndio au hapana, na nesi aulize kabla ya kugomba. Hiyo fomu, waambie wenzako wa hiyo ofisi waache kudai mradi kwa kila wanawake watatu wanaokaa pamoja, sio kila mama anayetafuta wenzake anatafuta mkopo.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Sisi sio madaktari. Mwaka huu mwenzetu mmoja alianza kugawa vitu vyake, hali chakula, akasema anatamani kumfuata mzee wake, tukamkalia zamu usiku na mchana na asubuhi tukampeleka hospitali wenyewe, tukazungushwa dirisha hili na lile mpaka mchana ndo tukampata mtu anayejua aanzie wapi. Sasa hivi anaendelea vizuri na ameniruhusu niandike. Lakini tunataka kila kituo kiwe na mtu mmoja anayejulikana, jina na namba ya simu, ambaye kikundi kama chetu kikiona hali kama ile kinampigia moja kwa moja. Na watufundishe hata siku mbili tu, tujue dalili za kutochezea.

Kwa sasa tunakutania sebuleni kwangu, Alhamisi saa tisa na nusu, viti tunaazima na viwili vina miguu mibovu hivyo tunavitumia kuwekea mikoba. Karibu siku yoyote, hatuhitaji kamera wala hotuba. Njoo na viatu vya kutembelea, na ukichelewa utatukuta tumeshafika kwa wajukuu, ingia tu utafute ukuta.

Mimi mama yako,
Mjane, mwenyekiti wa kikundi kisicho na mradi