Tasnifu zisitoke steshenari

Mhariri,

Msimu wa tasnifu ukifika, baadhi ya steshenari za jirani na vyuo hugeuka viwanda vya utafiti. Mwanafunzi analipa, anapewa kazi ya mwaka jana, anafuta "Mbeya" anaandika "Morogoro", basi. Wengi hukimbilia huko kwa sababu ya mada pana mno. "Changamoto za elimu Tanzania", nani ataimaliza? Aulize kwa nini wasichana wa kata fulani huacha shule kidato cha pili. Swali hilo litampeleka kwenye daftari la mahudhurio, kwa wazazi, kisha maktaba. Wanaosomea Kiswahili ndio wasilalamikie marejeo kabisa: majarida mawili ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), yaani "Mulika" na "Kiswahili", yapo. Wasimamizi nao wadai sura mojamoja, wasingoje kazi nzima wiki ya mwisho.

Mzazi wa mwanachuo,
Morogoro