Mjomba, mita 60 zinaanzia wapi?

Shikamoo Mjomba,

Swali uliniuliza mbele za watu, na jibu naliandika mbele za watu. Ningeweza kukupigia simu, lakini najua ungesema "yameisha hayo" ukanibadilishia mazungumzo. Kwangu hayajaisha.

Siku ya ule mkutano wa Igombe, hapo Mwanza kando ya Ziwa Victoria, nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Nilikuja na karatasi zilizoandaliwa mjini, nikasoma kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanyoosha mkono. Tangu nina akili zangu unaniita mjomba nami nakuita mjomba, ila siku ile ulisimama, ukavua kofia, ukasema: "Mtaalamu, hizo mita 60 zinaanzia wapi?" Nikajibu kwamba zinaanzia maji yanapoishia. Ukauliza, "Yanapoishia lini?" Nikafungua ukurasa unaofuata.

Neno lile, mtaalamu, nililala nalo siku nyingi. Hukulisema kwa ubaya. Ulikuwa unaniheshimu, na mimi nikakunyima jibu mbele ya wavuvi wenzako na akina mama wa dagaa.

Sasa nimetimiza mwaka mmoja kwenye hii kazi ya sera za tabianchi, na sehemu kubwa ya mwaka huo imepita nikilifuata swali lako. Mengine nimeyasoma kwa sababu kazi inataka: Mkataba wa Paris ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2018, ahadi yetu ya kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 chini ya kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua yoyote, ifikapo 2030, na zile dola bilioni 300 kwa mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea, walizokubaliana kwenye mkutano wa tabianchi wa dunia kule Baku mwaka 2024. Ni mambo makubwa na nayaheshimu. Lakini hakuna ukurasa hata mmoja humo unaomwambia mtu wa Igombe ajenge wapi.

Basi nikaanza na maji yenyewe. Kumbe kina cha ziwa letu kimekuwa kikipimwa tangu mwaka 1896, na vitabu vya vipimo hivyo vipo. Nilipofika kwenye miaka ya sitini nilisimama. Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa 1961, maji yakapanda mwaka hadi mwaka, kilele kikafika Mei 1964. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akituambia kwamba baada ya Uhuru ziwa lilikuja hadi kwenye mkuyu? Sisi watoto tulidhani anatutisha tusicheze majini. Mjomba, Bibi alikuwa anasema kweli, na vipimo viko upande wake.

Kisha ikaja 2006. Ule ndio mwaka mliotembea kwa miguu mahali palipokuwa na mitumbwi. Ulikuwa ukame, na juu ya ukame, kule Jinja, Uganda, ambako ziwa linatokea kuingia mto Nile, maji mengi yalifunguliwa ili kuzalisha umeme. Ukingo ukarudi nyuma, ardhi mpya ikaonekana, watu wakalima matikiti, wakajenga. Wewe ulijenga stoo yako ya dagaa wakati ule, na hukuijenga kwenye maji. Nakumbuka ulihesabu hatua kutoka ziwani, ukaongeza nyingine ili uwe salama.

Halafu 2019. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko ule wa mashariki, na hali hiyo ikisha kuwa kubwa, mvua za vuli kwetu huwa hazina kiasi. Ziwa letu halitegemei sana mito. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa linapanda. Mei 2020 lilivuka rekodi ya 1964. Mei 2024 likapanda tena, likaipita na hiyo ya 2020. Wanasayansi walioichunguza ile ya 2020 wanaona kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa kutokea kwake. Kati ya maji ya 2006 na ya 2020 kuna karibu mita tatu kwenda juu. Kwenye ufukwe mtambarare kama wenu, mita tatu za kwenda juu zinakula mita nyingi sana za kwenda nchi kavu. Zilikula stoo. Zilikula chanja zote za kuanikia dagaa. Uliuza injini, ukarudi kupiga makasia.

Kisha mimi nakuja na karatasi kukuambia uko ndani ya mita 60, kana kwamba wewe ndiye uliyelifuata ziwa.

Usidhani nimeigeuka sheria. Naitaka sheria ile. Matete yakikatwa sato anakosa mahali pa kuzalia, na udongo wote wa milimani unaishia majini. Ninachopigania ofisini sasa ni vitu viwili. Kwanza, mstari upimwe kutoka alama ya maji ya juu kabisa, na alama hiyo iwekwe ardhini kwa mawe ambayo kila mtu anayaona, ili kijana anayetaka kujenga mwaka wa ukame ajue ziwa litarudi. Pili, mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, usichukuliwe kama nyumba. Dagaa hushushwa majini, na mama aliyebeba beseni kichwani hawezi kuambiwa chanja yake iende mlimani. Patafutwe namna ya chanja za kuhamishika, zinazosogea maji yanaposogea. La pili linasikilizwa. La kwanza linaambiwa lina gharama, nami kila kikao nalirudisha mezani.

Na hapa nakuhitaji. Kipimo cha maji kilichoko Jinja kinanipa urefu wa maji, hakinionyeshi yalifika wapi Igombe. Wewe unajua. Uliniambia ulichonga mstari kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya mwalo, maji ya 2020 yalipogota, na najua wazee wawili watatu wanaoweza kutuonyesha ulipokuwa mkuyu wa Bibi.

Nitakuja mwezi ukiwa mpevu, siku ambazo mitumbwi ya dagaa imelala, nisikuharibie usiku wa kazi. Nimenunua futi kamba ya mita 100. Wewe utashika mwisho mmoja pale kwenye jiwe, mimi nitatembea na mwingine, na tutakapofika tutaandika.

Wasalimie wote nyumbani.

Mjomba wako