Barua kwa Mashaka aliyeko Houston: pa kuanzia na Scarface

Dar es Salaam

Kwako Mashaka, ndugu yangu,

Salamu nyingi sana. Huku sote wazima, mama anakuulizia kila tukikutana, na joto ndilo lile unalolijua. Nimefurahi kusikia kazi imetulia. Kilichonifanya nikae niandike kwa urefu ni lile swali lako: kwamba wenyeji wa Houston unaofanya nao kazi wakimtaja rapa Scarface wanamtaja kwa heshima kama mzee wa ukoo, nawe ulipofungua simu ukakuta albamu kibao, usijue pa kushika. Shika Greatest Hits, ule mkusanyiko wa 2002. Ila usiuache ujipige tu wakati unaendesha gari. Ukifanya hivyo utapata ngoma kali, lakini mtu mwenyewe atakupita.

Huyu bwana anaitwa rapa wa gangsta, na jina lake amelitoa kwenye sinema ya jambazi wa madawa ya kulevya. Lakini msikilize kwa makini: toka mwanzo anachana kuhusu kifo na hofu. Hofu ya aliyeua asiyepata usingizi, ya anayejua zamu yake inakuja, ya mama anayezika. Wachanaji wengi wa enzi zile wakishafyatua risasi kwenye mstari wanahamia mstari mwingine. Yeye anabaki pale pale na aliyeanguka.

Jina lake la nyumbani ni Brad Jordan, amezaliwa 1970, amekulia South Acres, kusini mwa mji wako huo. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2015 ameeleza waziwazi kwamba akiwa kijana mdogo alijaribu kujiua, akalazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Nilipolijua hilo nilizirudia nyimbo zake zote, na nilizisikia tofauti.

Kabla hujaugusa mkusanyiko, tafuta kwanza "Mind Playing Tricks on Me" ya Geto Boys, kundi lake na Willie D na Bushwick Bill, ya 1991. Gita unalolisikia chini ni la Isaac Hayes, la muziki wa filamu ya 1974, laini kabisa, mtu angeweza kulipigia mkewe. Juu ya gita hilo Scarface anajieleza yuko chumbani usiku, anatazama mishumaa, anamwona mtu anayemwinda, na anayemwinda ana kofia nyeusi na suti nyeusi kama zake mwenyewe. Bushwick Bill naye anasimulia anapigana na jitu refu usiku wa Halloween, anarusha ngumi kwa nguvu zake zote, kisha anazinduka: hakuna jitu, mikono inavuja damu kwa sababu alikuwa anapiga zege la barabarani. Mwaka 1991, Mashaka! Wakati New York na Los Angeles zikidhani rap ni mali yao peke yao, vijana wa Texas wanakiri hadharani kwamba akili zao zinawasaliti. Mtu anayekuambia rap ya kusini mwa Marekani ilianza na OutKast, lile kundi la Atlanta, mpigie hii.

Sasa ingia kwenye mkusanyiko. Hatua ya kwanza, tafuta mwaka wa kila wimbo uupange kwa miaka, ili umsikie akikua. Utapita albamu yake ya kwanza ya 1991 haraka. Ujana mwingi, kelele nyingi. Ukifika 1994, simama. Hapo ndipo The Diary ilipotoka, midundo ikiwa mikononi mwa watayarishaji N.O. Joe na Mike Dean: kinanda kama cha kanisani, besi nzito, gita la bluzi lisilo na haraka. Sauti yake ilikuwa ikingoja midundo hiyo. Anachana polepole kama mhubiri aliyechoka.

Wimbo wa kuusikiliza peke yake, simu umeiweka pembeni, ni "I Seen a Man Die". Mtu anatoka gerezani baada ya miaka saba, anamsalimu baba yake, ana nia ya kweli ya kuanza upya. Dunia imebadilika, njia haioni, na taratibu mtaa unamrudisha. Anapigwa risasi. Hapo msimulizi anafanya jambo ambalo sijalisikia kwa rapa mwingine wa kizazi chake: anamsogelea na kuzungumza naye anapokata roho, anamweleza baridi inavyompanda, anamwambia aache kushindana nayo. Hamlaumu wala hamtukuzi. Mimi nimezika marafiki, nawe unawajua, na wimbo huu hunikalisha kimya kila mara.

Baada ya huo, "Smile" aliyoifanya na 2Pac itakuingia zaidi, ukikumbuka ilitoka 1997 wakati 2Pac ameshauawa Septemba 1996. Albamu iliyoubeba, The Untouchable, ilikaa namba moja Marekani, na lebo yake ilikuwa Rap-A-Lot ya hapo hapo Houston, aliyoianzisha J. Prince. Watu wa mji huo wanajivunia hilo, na wana haki.

Sikufichi mengine. Iko mistari ya Geto Boys kuhusu wanawake ambayo siwezi kuitetea wala kuipiga nyumbani watoto wakisikia. Mwaka 1990 kampuni ya muziki ya Geffen ilikataa kabisa kusambaza albamu yao. Sikubaliani na kila aliyewapigia kelele, lakini katika hilo la wanawake walikuwa na hoja.

Na mkusanyiko wenyewe una pengo kubwa. Mwaka huo huo wa 2002 Scarface alikuwa ameshahamia lebo nyingine, Def Jam South, alikokuwa bosi na ambako rapa Ludacris alisainiwa, akatoa The Fix. Kwa hiyo Rap-A-Lot walikusanya ya kwao, nayo The Fix, albamu yake bora kuliko zote kwa maoni yangu, itafute pembeni. Anza na "On My Block": piano na mtaa, majirani, mazishi na utoto, bila kutunisha misuli.

Maisha yake pia yameendelea mbali na hapo. Mwaka 2019 Bushwick Bill alifariki kwa saratani, na mwaka huo huo Scarface aligombea kiti cha baraza la jiji la Houston, akafika duru ya pili akashindwa. Mwaka 2020 korona ilimharibu figo, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine, hadi mwanawe alipompa figo yake moja. Desemba 2023 akapiga onyesho la Tiny Desk, yale maonyesho madogo ya redio ya NPR ya Marekani, na bendi kamili. Litazame ukimaliza The Fix, kisha niandikie ni wimbo gani umekushika, kwa sababu mimi na kaka yako tunabishana kati ya "I Seen a Man Die" na "On My Block" na hakuna anayekubali kushuka.

Msalimie sana shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Idd