Jumamosi kwa Mwalimu, Tororo

Ndugu zangu, habari za jioni. Asanteni mliofika kwenye mazishi ya Mwalimu wetu, kwa mvua ile na matope yale.

Jumamosi tunakutana nyumbani kwa Mwalimu saa nane mchana. Hakuna hotuba wala meza kuu. Tutakaa chini ya mwembe, kila mmoja aseme lake. Mimi nitasimulia la mbwa. Tulikuwa darasa la sita, mbwa koko akaingia darasani, wavulana wakakimbilia mawe. Mwalimu aliweka chaki chini, akatoa chapati yake ya saa nne, akammegea nusu, kisha akatufundisha sehemu kwa ile nusu iliyobaki. Mawe tuliyarudisha nje wenyewe.

Na safari ya Entebbe je? Kile kituo cha wanyamapori kilianza 1952 kama makao ya wanyama yatima, na neno hilo "yatima" alilirudia njia nzima. Mbele ya korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, alitusimamisha tukaimba wimbo wa taifa. Korongo hata hakugeuka.

Sasa la haraka: ameacha mbwa wawili na paka mzee. Majirani wanawalisha mukene, yaani dagaa, kwa zamu, ila watachoka. Mama anabaki na mbwa mmoja. Mbwa wote wawili wanadaiwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Anayeweza kuchukua mwingine, au paka, aniandikie faragha.

Mchango wa chai mtumieni mweka hazina, si mimi, mnanijua. Picha za zamani leteni, hasa ile aliyombeba mbuzi begani.