Barua kwa Mwalimu: habari ya ile pikapu

Nkuhungu, Dodoma

Ndugu yangu Mwalimu,

Mbukwenyi, wewe na shemeji. Sisi hatujambo, ni vumbi tu linatumaliza. Picha tatu za hiyo Hilux nimezipata, na nimeziangalia mpaka Mama Neema akauliza kama nimepata mchepuko. Unataka nikuambie ununue au uache. Shida ni kwamba unalitaka gari moja kwa kazi mbili zisizopatana: likulete mjini kazini kila siku, halafu Jumamosi livute tela la mpunga.

Hiyo safari ya kila siku ndiyo inanitia mashaka. Langu lina injini ya 3L (hilo ni jina lake, si lita tatu), cc 2,779, isiyo na turbo, kama hilo lako. Nilijaza tanki mpaka mdomoni, nikaandika kilomita, nikajaza tena: lita moja inanipeleka kilomita 10 likiwa tupu, 7 nikiwa na tela. Kutoka Bahi kuja huku na kurudi ni kama kilomita 110. Wewe ndiye wa hisabati: lita 11 kwa siku, 55 kwa wiki, na hujabeba hata gunia. Mwendo nao usiutegemee. Ukikutana na lori kwenye kilima, utakula moshi wake mpaka mfike juu wote. Mimi ningepanda basi siku za kazi na gari likalala nyumbani. Najua hutanisikiliza.

Kwa kazi ya tela, hapo sina ugomvi na gari kuukuu. Pampu yake ya dizeli haina kompyuta. Likikugomea Kigwe, fundi wa Kigwe atakuwashia.

Sasa kwenda kuliona. Mwambie muuzaji unakuja saa nne, halafu utokee saa moja asubuhi. Kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti. La kwanza nililokwenda kuliangalia mimi, kule Kizota, boneti ilikuwa ya moto kama jiko, na mwenyewe anasema halijaguswa tangu jana. Dizeli iliyokwisha pashwa moto huwaka kwa nusu ufunguo. Asubuhi ya Dodoma mwezi wa saba ndiyo inayolisema gari ukweli. Plagi za kupashia zikiwa zimekufa utasikia stata inalia weee, injini kimya. Moshi mweupe kidogo wakati wa kuwaka usikutishe. Wa buluu usioisha, ujue linakula oili. Mweusi likipanda mlima, angalia nozeli na chujio la hewa, na kwa vumbi letu hili mimi ningeanza na chujio.

Kisha, injini ikiunguruma, fungua kifuniko cha kumiminia oili, kipindue, ukilaze juu ya tundu bila kukifunga. Kikitetema tu, sawa. Cha gari lile la Kizota kiliruka kama kifuniko cha sufuria ya maharage. Ringi za pistoni zimekwisha, nguvu yote inavujia chini. Mwenyewe akaniambia injini za dizeli ndivyo zinavyohema. Nikamuaga.

Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Akianza kukuna kichwa, hesabu kwamba haujaguswa, na weka pembeni hela ya mkanda mpya. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Yote hayo niliyafanya, na gari nililolinunua lilifaulu. Kilichonitia aibu ni kule nyuma, ambako sikulala chini kuangalia kwa sababu nilikuwa nimevaa shati la kanisani. Mwezi wa pili nikafunga tela lenye tanki la maji la lita 1,000 kwenda kwenye zabibu zangu Mpunguzi. Likijaa, hiyo ni tani moja ya maji peke yake. Siku ile lilikuwa nusu na kidogo, nikaona nimelihurumia gari. Kumbe maji yenye nafasi ni mabaya zaidi. Nilipokanyaga breki kwenye tuta yakaja mbele yakanisukuma. Nilipoongeza mwendo yakarudi nyuma yote kwa pamoja. Nikasikia kwach! Kwenye kioo naona tela limebaki peke yake barabarani, limeinamisha mdomo kama linasujudu. Mnyororo wa akiba sikuwa nimefunga. Mungu alisaidia nyuma yangu hapakuwa na bodaboda.

Kile chuma cha kuvutia kilikuwa kizima, bado kimeshikana na tela. Ila kilikuwa kimeondoka na kipande cha chasisi yangu. Kipande hicho nje kina rangi nyeusi mpya, ndani kutu tupu. Nilikibonyeza kwa kidole gumba kikamomonyoka kama ukoko wa ugali. Kukata na kuchomelea vipande vipya kulinitoa jasho kuliko mkanda, betri na matairi mawili kwa pamoja.

Sasa tazama picha yako ya tatu, ile uliyopiga kwa chini. Gari la umri ule, na chini kunang'aa weusi kama kiatu cha polisi! Hiyo picha ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Makaratasi ni kazi ndogo: jina kwenye kadi ya gari lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, namba ya chasisi uisome mwenyewe kwenye chuma, na angalia kama lina faini za trafiki, zisije zikawa zako.

Usitoe arubuni, hata ya elfu kumi, hata dalali akikuambia kuna mtu anakuja na fedha taslimu kutoka Manyoni. Jumamosi nitashuka Bahi na basi la kwanza, nimevaa ovaroli, nyundo ndogo mfukoni. Tutaigonga hiyo chasisi kuanzia kwenye springi za nyuma mpaka mwisho. Chuma kizima kinalia ngii, kilichooza kinajibu pwa.

Mama Neema anasema nisirudi bila mchele.

Wako,
Baba Neema